Naomba ushauri: vinyama vyeusi usoni na shingoni kwa mama

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 58. Mashavuni na chini ya macho ametokwa na vinundu vyeusi vidogo, kama punje za ulezi zilizobandikwa. Shingoni, pale mkufu unapogusa, ana vinyama laini vinavyoning'inia. Haviumi wala haviwashi. Bibi naye alikuwa navyo, na mimi vimeshaanza kunitokea.

Daktari alivitazama akasema si saratani, haviambukizi, vinakuja na umri na vinafuata ukoo. Tumrudishe haraka tu kimoja kikikua ghafla, kikibadilika rangi, kikitoa damu au kikiwa kidonda kisichopona.

Sasa mama anataka vitolewe kabla ya harusi ya mdogo wangu. Jirani anamshauri avifunge uzi, mwingine amemletea dawa ya kupaka inayounguza. Hiyo ya kupaka naiogopa mno, tena karibu na jicho! Nimesoma kwamba hospitali huvichoma kwa umeme au kuvikata, na kwamba kuvigandisha kwa baridi kali kunaweza kuacha mabaka meupe kwenye ngozi nyeusi kama yetu.

Kwa aliyewahi kutolewa: ulitumia njia gani, alama zilikwisha baada ya muda gani, na vilirudi? Tuko Arusha, nafikiria kumpeleka kwa madaktari wa ngozi pale KCMC, Moshi. Mwenye kujua gharama na utaratibu wao wa sasa anisaidie tafadhali.