Mjadala: Ubao wa boti gatini Lamu uandikwe kwa herufi za upana mmoja?

Mchora vibao, Langoni:
Assalamu alaykum jamaa. Naandika upya ubao wa safari za boti. Kijana aliyenichapia mfano kaniletea herufi nene za upana mmoja, zisizo na vikia (vile vijistari vya kumalizia ncha za herufi), za ukoo wa ile Letter Gothic ambayo Roger Roberson aliichora kwa taipureta za IBM. Nimekaa nazo siku mbili. Saa na nauli zinazibeba vizuri. Majina ya mahali zinayaumiza.

Taipureta ya kawaida husogea hatua ile ile kwa kila herufi, kwa hiyo i hupata nafasi sawa na m. Mtangawanda na Kizingitini yote yana herufi 11. Kwa mkono wangu Kizingitini huishia mapema. Hapa yanalingana kama mbao za msumeno mmoja, na napenda kuyatazama. Ila sogea karibu. Ile i, hata katika mwandiko usio na vikia, inavishwa vikia ili isipwaye. Nayo m inabanwa miguu yake mitatu katika chumba cha n. Ukiinenepesha, upana hauongezeki. Wino unaingia ndani na matundu yanaziba. Lugha yetu imejaa m na w: mwamba, wamwambie, Mokowe. Ukisimama mbali, m inakuwa doa.

Nahodha, safari za Pate:
Mwanangu, saa za Mtangawanda hufuata maji. Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki yakipwa. Abiria akiruka mstari mmoja, chombo kimemwacha. Safu zikinyooka jicho linashuka lenyewe, na unene unasomeka hata jua likiwa kali. Jina la mahali kila mtu analijua, liwe doa au lisiwe.

Mwalimu, Mkomani:
Nahodha, tarakimu za fonti nyingi za kawaida tayari zina upana sawa. Safu ya saa itanyooka bila kuibana m. Mimi herufi hizi ningeziweka kwenye namba za usajili wa vyombo, ambapo herufi na tarakimu huchanganyika. Nyingi zimechorwa makusudi ili 0 isifanane na O: sifuri hupigwa mkwaju au nukta katikati. Na 1 haigeuki I.

Mchora vibao, Langoni:
Mwalimu, hilo la tarakimu limenifungua macho. Nimepima, ni kweli. Namba za vyombo nazo nakubali. Lakini ami nahodha, kuhusu majina hapana. Ubao haumhusu anayekwenda Faza kila wiki. Unamhusu mama aliyeshuka leo kutoka Garissa, na mtoto anayejifunza kusoma kwa vibao vya njiani. Hao jina lao la safari lisiwe doa.

Nimechora mbao mbili, moja kwa herufi hizi za upana mmoja, moja kwa za kawaida. Ijumaa baada ya swala nitazisimamisha gatini. Nahodha, zisome ukiwa chomboni, uniambie Mokowe ipi umeiona kwanza.