Tupeane uzoefu: puto la kurukia watoto siku ya sikukuu, linastahili foleni na hela yake?

Mwanzisha mada, Mtwara

Wadau wa Kusini, habari zenu. Sikukuu ikikaribia, mtoto wa Mtwara au Lindi haulizi pilau, anauliza puto. Nasema lile jumba la turubai linalojazwa upepo, lenye kuta za rangi na mteremko pembeni. Mzazi naye anabaki na swali lake: mkono wa Idi wote ukiishia pale mlangoni, mtoto anapata alichokitarajia?

Ningependa wachangie wanaolijua jambo hili kwa kazi: wanaoyafunga maputo, mafundi, wasimamizi, wauguzi. Visa vya nani alianguka wapi tuviache. Tupeane vipimo, sababu, na dalili za kuangalia kabla hujatoa hela mfukoni.

Naanza na raha yenyewe. Puto linarusha vizuri likiwa limejaa sawasawa na watoto wakiwa wachache. Wakizidi, sakafu inalala, mruko unakufa, na muda wote unaishia kwenye kugongana vichwa. Sakafu ya mita 4 kwa 4 inatosha watoto 8 wenye vimo vinavyolingana. Ukikuta wamejazana 20, hapo hakuna puto tena, kuna msongamano wenye rangi.

Halafu uliza dakika kabla ya kuuliza bei. Shilingi 1,000 kwa dakika 5 ni shilingi 200 kila dakika. Shilingi 2,000 kwa dakika 15 ni kama 133. Inayoonekana ghali ndiyo rahisi, mradi msimamizi ana saa na filimbi na anavitumia. Asipokuwa navyo, muda unapimwa kwa urefu wa foleni: foleni ikirefuka, watoto wanatolewa mapema.

Mfungaji wa maputo, Lindi

Umeanza na mruko, sawa, lakini kabla ya mruko kuna kamba. Puto ni tanga, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa tanga linavyovuta. Ukuta wa upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 ukipigwa na upepo wa kilomita 38 kwa saa unasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 80. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 14960, kimeweka mwisho hapo kwenye 38. Ukivuka, watoto watoke na puto lishushwe.

Kiwango hicho kinataka vishikizo, yaani sehemu za kulifunga puto chini, visivyopungua 6. Vigingi viwe vya chuma, urefu milimita 380, unene milimita 16, vichwa vya mviringo visimchome mtoto atakayejikwaa. Vipigwe hadi vizame, vikiwa vimelalia upande wa nje. Kigingi kilichobaki nusu juu kinageuka kuwa wenzo: kamba inavuta kichwa, ncha inachimba tundu, na baada ya saa mbili za kuyumba kinang'oka kwa mkono mmoja.

Kosa linaloonekana sana ni hili: puto lina pete 8, zimefungwa 4, kwa sababu vigingi vingine vilipotea safari iliyopita. Zunguka puto taratibu. Hesabu pete zilizoshonwa chini, kisha hesabu kamba zilizokazwa. Hesabu mbili zisipolingana, mpeleke mtoto kwingine.

Msidhani nazidisha. Desemba 2021, mjini Devonport, Tasmania, huko Australia, puto lilinyanyuliwa na kisulisuli kwenye sherehe ya shule, na watoto 6 walifariki. Haikuwa siku ya dhoruba. Kisulisuli kinapenda uwanja mkavu, ulio wazi, jua likiwa kali, na hiyo ndiyo sura ya viwanja vyetu mwezi Agosti wakati wa Nane Nane pale Ngongo. Kipima upepo hakikuonyi kuhusu kisulisuli. Kinachookoa ni kila kishikizo kuwa mahali pake tangu asubuhi.

Kwa upepo wa kawaida, asiye na kipimo atumie macho. Vumbi na karatasi zikianza kuruka, upepo umeshavuka kilomita 20 kwa saa: msimamizi apunguze watoto na akae tayari. Mikorosho midogo ikianza kuyumba mti mzima, mwisho umefika. Hakuna cha kusubiri zamu iishe.

Mdau wa Shangani

Mkuu, na wale wanaofunga ufukweni, mchanga mtupu? Pale kigingi kinashika nini?

Mfungaji wa maputo, Lindi

Hakishiki kitu, ndugu yangu. Mchanga wa Shangani au Msimbati unakiachia kigingi kama kisu kwenye uji. Pale unatumika uzito, na EN 14960 inataka kilo 163 kwa kila kishikizo. Kwa vitu vyetu, hiyo ni viroba 4 vya mchanga vya kilo 50 kila kimoja, vimefungwa pamoja viwe mzigo mmoja. Vishikizo 6 ni viroba 24. Kazi nzito, lakini mchanga uko hapo hapo na viroba vitupu havina bei. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20 tu. Ukiona madumu mawili kila kona, hapo hapajafungwa kitu.

Uwanja nao uwe tambarare. Mteremko usizidi sentimita 5 kwa kila mita 1, la sivyo watoto wote wanaporomokea kona moja.

Fundi umeme, Ligula

Niongeze upande wa upepo unaoingia ndani. Wengi wanadhani puto linajazwa kama mpira wa miguu, ukishajaa unaziba. Hapana. Upepo unatoka kwenye mishono muda wote, ndivyo lilivyotengenezwa, na blowa, ile feni ya umeme inayosukuma upepo ndani, inafidia muda wote. Kwa hiyo ukisikia upepo unapuliza kwenye mshono usiogope. Ogopa blowa ikibadilisha sauti.

Blowa ya kawaida ni ya kilowati 1.1, kama nguvu za farasi 1.5. Ikishazunguka inakula ampea 5 hadi 7, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Jenereta ndogo ya kVA 1 itazima au itaguguma, mota inapata moto na koili zinaungua. Weka kVA 3 kwa blowa moja. Jenereta hiyo usiiongezee spika za muziki, kwa sababu kila blowa inapowaka muziki unakatika, na fundi wa muziki ataamua nani achomolewe.

Waya ndio unaoua blowa nyingi. Mita 50 za waya mwembamba wa 0.75 (unene kwa milimita za mraba) zina ukinzani wa karibu omu 2.4 kwenda na kurudi. Kwa ampea 7 unapoteza volti 17, si mbaya sana. Lakini mota inapoanza na kuvuta ampea 30, unapoteza zaidi ya volti 70, na mota inabaki inanguruma bila kuzunguka. Tumia 2.5, na uufungue wote. Waya uliobaki umeviringishwa kwenye gurudumu lake unajipika wenyewe na ganda linayeyuka.

Njia hiyo iwe na breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Msimu wetu wa mvua unaanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka sikukuu inaangukia kwenye matope. Kiungo cha waya kilichofungwa mfuko wa nailoni na kulazwa kwenye nyasi mbichi ni mauti. Kiinuliwe, kiwe juu ya kigingi cha mti au tofali, mbali na njia ya watoto.

Mahali pa jenereta pia ni muhimu. Blowa inavuta hewa iliyo karibu nayo. Jenereta ikikaa upande upepo unakotoka, moshi wake unaingizwa ndani ya puto na watoto wanauvuta huku wanahema kwa kasi. Wakati wa kusi, jenereta ikae kaskazini ya puto. Kaskazi ikivuma, geuza. Blowa yenyewe iwe angalau mita 1.2 kutoka ukuta wa puto, na mita 2.5 ikiwa upande ule uko wazi. Mafuta yasiongezwe injini ikiwa inaunguruma, wala watoto wakiwa ndani.

Kipimo cha mzazi ni rahisi: minara ya juu isimame wima bila kuinama, na ukuta ukiusukuma kwa kiganja urudi wenyewe mara moja. Ukibonyea na kubaki, ama zipu ya kutolea upepo nyuma haijafungwa vizuri, ama mkanda unaobana mrija kwenye blowa umelegea. Yote mawili ni kazi ya dakika mbili, mwambie mhusika.

Muuguzi wa watoto, Mtwara

Asanteni wakubwa. Nizungumzie mifupa. Hatari kubwa ndani ya puto ni mtoto mkubwa kutua jirani na mdogo. Sakafu inayobonyea chini ya mwenye kilo 40 inanyanyuka chini ya mwenye kilo 15, na yule mdogo anarushwa kwa nguvu ambayo si yake. Akitua mguu ukiwa umenyooka, mfupa wa muundi unaweza kupasuka bila hata kuanguka. Kwa hiyo zamu zigawanywe kwa kimo. Ukuta unaowazunguka usiwe mfupi kuliko mtoto mrefu kuliko wote aliye ndani, na fimbo yenye alama ya kimo pale mlangoni inamaliza ubishi wa umri.

Wa chini ya miaka 3 waingie peke yao na wenzao wa rika hilo, dakika chache, mzazi akiwa mlangoni. Kumshikia mtoto mkononi huku mtu mzima anaruka ni kumweka chini ya kilo 70 zinazoweza kumwangukia.

Baada ya kutoka, mtoto asiyetaka kukanyaga mguu mmoja apelekwe hospitali hata kama hakuna uvimbe. Msimkande wala kumnyoosha nyumbani.

Mama wa Mikindani

Jamani nguo. Siku ya Idi watoto wanatoka wamependeza: kanzu, gauni la shanga, ushungi wenye pini. Pini zote zitoke, hereni na bangili vivuliwe, kanzu ipandishwe na kufungwa kiunoni au ivuliwe kama kuna suruali ndani. Kanzu ndefu kwenye mteremko inanasa mguu. Bebeni fulana na kaptula kwenye mfuko, nguo ya sikukuu ibaki safi. Viatu vifungwe kamba pamoja viingie mfuko huo huo, maana rundo la kandambili mlangoni halina mwenyewe.

Jua nalo. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini ya Ikweta, hivyo kwenye tarehe 20 Oktoba na tena kwenye tarehe 22 Februari jua la mchana linasimama utosini na ukuta wa puto hauna kivuli. Turubai la plastiki linachoma nyayo. Weka mgongo wa kiganja kwenye mteremko uhesabu hadi tano. Ukishindwa, mtoto hawezi. Kumwagia maji si dawa, linateleza na waya ziko jirani. Soksi zinazuia moto lakini zinateleza pia. Nenda saa 2 hadi saa 4 asubuhi: turubai la baridi, foleni fupi, na upepo wa baharini haujashika kasi.

Mdau wa Mtanda

Mimi nitatofautiana kidogo. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, bembea ya duara ya kusukumwa kwa mkono inampa raha zaidi ya puto, na inagharimu muda mfupi wa foleni. Anakaa, anamwona mama yake kila mzunguko, hakanyagwi na mtu. Yenye mkono wa mita 2 ikizungushwa mara moja kila sekunde 4 inamsukuma nje kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, na kwa mdogo hiyo inatosha kabisa. Anayechefuka akae karibu na nguzo ya kati: nusu ya umbali ni nusu ya msukumo.

Lakini kwetu chumvi ya bahari inakula chuma. Angalia pingili za mnyororo pale zinaposuguana. Pingili iliyolika sehemu ya kumi ya unene wake ni ya kutupa. Angalia mistari ya kutu inayochuruzika kwenye maungio yaliyochomelewa, kwani chini ya rangi mpya mara nyingi ndipo ufa ulipo. Mwendeshaji aizungushe tupu kwanza. Ikiimba kwa mlio wa chuma kukwangua chuma, beringi imekwisha.

Mwanzisha mada, Mtwara

Nimekubali kwa wadogo. Kwa wa miaka 6 hadi 10, bado naona puto lenye vishikizo kamili na zamu ya watoto 8 ndilo linalowarudisha nyumbani wakicheka. Swali la mwisho kwa mfungaji: umeme ukikatika watoto wakiwa ndani, kinafanyika nini?

Mfungaji wa maputo, Lindi

Puto halianguki kwa kishindo, linashuka kidogo kidogo, kwa hiyo muda upo kama watu wamepangwa. Msimamizi mmoja anapiga filimbi na kubaki mlangoni. Wa pili anashika ukuta wa mlango juu ili njia isifunikwe. Walio karibu na mlango wanatoka kwanza, wakitambaa, bila kukimbia. Walio juu ya mteremko wanateremka mmoja mmoja kwa makalio. Puto lenye paa linahitaji watu wazima wawili zaidi walinyanyue kwa mikono kutoka nje. Wanahesabiwa wakitoka, na hesabu ilingane na walioingia, ndipo mtu aguse jenereta. Blowa isiwashwe tena mtoto akiwa bado chini ya turubai.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hesabu wasimamizi. Puto lenye mtu mmoja anayekusanya hela, anayepiga filimbi na anayelinda jenereta, yote yeye, liache.