Mmea wa Mlima Kenya wenye barafu katikati

Mwalimu wa Darasa la Sita:
Hamjambo wenzangu. Tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, tukalala kambi ya Mackinder's, mita 4,200 hivi. Jana yake mchana niliona mmea mfupi umefunguka kama sahani, maji yamejaa katikati. Alfajiri nikaukuta umejifunga. Nilipoupanua kwa kidole, juu kulikuwa na barafu nyembamba, chini yake maji matupu. Mbona haufi? Na mbona tuliposhukia njia ya Sirimon hatukuona mianzi?

Msafiri wa Nyika:
Hizo ni kabichi za mlimani, senesio. Bonde la Teleki, hapo kambini mlipolala, zimejaa.

Mpagazi wa Zamani:
Hapana ndugu yangu, kabichi haiweki maji. Aliyoiona mwalimu ni lobelia, ile inayopenda bondeni kwenye majimaji. Nimebeba mizigo njia hiyo miaka kumi na mmoja na kila alfajiri nilikuwa naichungulia.

Mwalimu, huko juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe. Jua likizama, majani hujikunja yakafunika kichipukizi. Maji yale yanaganda juu tu, na hiyo barafu inakuwa kifuniko: chini yake hakushuki chini ya sifuri, na kichipukizi kimelala humo humo. Ukiyashika maji hayo utasikia yanateleza, kama maji ya bamia. Utelezi huo unatoka kwenye mmea wenyewe, ndio maana jua kali haliyakaushi upesi.

Mianzi inataka mvua. Upande wa kusini na mashariki inanyesha sana, ila Sirimon ni kaskazini, pakavu. Unatoka kwenye mierezi na mipodo, mara uko kwenye vichaka.

Mwalimu wa Darasa la Sita:
Asante sana kaka, nitawaeleza wanafunzi. Na ile ndefu yenye manyoya ya kijivu? Na miti iliyovaa majani makavu?

Mpagazi wa Zamani:
Yenye manyoya ni lobelia pia, ya aina nyingine. Hiyo hukaa miteremko mikavu, na haina bwawa. Yale manyoya ndiyo blanketi lake, na maua ya samawati yamejificha ndani. Simama kimya utamwona ndege chozi, kijani kinachong'aa, akiingiza mdomo humo. Inachanua mara moja tu maishani, kisha inakufa imesimama. Ile ya bondeni huweza kuchanua tena.

Miti ni senesio mkubwa. Majani yakifa hayadondoki, yanabaki yameuzunguka mti kama koti, maji ya ndani ya shina yasigande. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu anayachomoa awashie moto. Niliwahi kukuta mti mzima umevuliwa kuanzia chini mpaka kifuani pangu, na majivu bado ya moto kando yake.

Msafiri wa Nyika:
Nimekosolewa vizuri, mzee. Kumbe kabichi ni yule senesio mfupi, mwenye sufi nyeupe chini ya jani?

Mpagazi wa Zamani:
Huyo huyo. Geuza jani polepole tu, usilikate.