Ujumbe wa komiti na CHANGELOG: tuweke utaratibu gani kwenye timu?

Mtunza_Daftari
Wakuu, habari za kazi. Tuko timu ndogo, wengine Dar, wengine Arusha, tunajenga mfumo wa mikopo wa SACCOS. Msimbo uko kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko; kila badiliko linalohifadhiwa (komiti) lina ujumbe wake. Shida ni historia yake: ukifungua `git log` unakutana na "update", "fix", "fix tena", "sasa imekaa sawa". Juzi mhasibu wa mteja kauliza kwa nini riba ya mkopo imebadilika ilhali masharti ni yaleyale. `git blame`, inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani na kwa komiti ipi, imetufikisha hadi kwenye mstari wenyewe, ila ujumbe wake una neno moja tu: "marekebisho". Aliyeuandika ameshahama kazi.

Halafu kila tukitoa toleo jipya, jumbe hizohizo zinamwagwa kwenye CHANGELOG (orodha ya mabadiliko ya kila toleo) na kutumwa kwa mteja. Naomba ushauri, tuanzie wapi? Na tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kibodi_Moto
Mkuu, chukueni Conventional Commits, utaratibu uliokwisha kuandikwa wa jumbe za komiti, msibuni chenu. Kila ujumbe unaanza na aina yake: `fix:` kwa hitilafu iliyorekebishwa, `feat:` kwa kitu kipya. Mabadiliko yanayovunja matumizi ya zamani yanawekewa `BREAKING CHANGE:` chini. Namba ya toleo inafuata humohumo: kutoka 2.4.1, `fix` inakupeleka 2.4.2, `feat` 2.5.0, na linalovunja 3.0.0. Zipo programu zinazosoma hayo na kutoa CHANGELOG zenyewe, hamgusi kitu.

Dada_Seva
Kwenye aina na namba niko na Kibodi. Hapo pa CHANGELOG kujitoa yenyewe, hapana. Wasomaji ni wawili tofauti kabisa. Tuseme komiti ya riba ingeandikwa hivi:

```
fix: kata desimali za riba baada ya kujumlisha

Riba ya kila siku ilikatwa desimali kabla ya
kujumlishwa. Mkopo wa 1,000,000 kwa 12% kwa mwaka
ulitoa 9,840 kwa siku 30 badala ya 9,863.
```

Fundi akisoma hapo hahitaji kumpigia mtu simu. Mhasibu, kwa upande wake, hana haja na desimali zilikatwa wapi. Kwenye CHANGELOG aandikiwe: "Riba ya mwezi haipungui tena shilingi chache. Mikopo iliyokwisha kufungwa haijaguswa." Hiyo sentensi ya pili ndiyo atakayoitafuta, na hakuna programu itakayoiokota kwenye komiti.

Angalieni mpangilio wa Keep a Changelog: toleo jipya juu, tarehe kwa mtindo wa 2025-03-14, mambo yakigawanywa kwa yaliyoongezwa, yaliyobadilishwa, yatakayoachwa, yaliyoondolewa, yaliyorekebishwa na ya usalama. Juu kabisa kunakuwa na sehemu ya ambayo bado hayajatolewa. Anayeleta badiliko linalomgusa mteja aandike mstari wake hapo siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Kerneli
Niongezee kutoka kwenye mradi wa Linux (mfumo endeshi wa kompyuta), maana kule wachangiaji ni maelfu na hawaonani. Badiliko lazima lieleze tatizo kwanza, ndipo dawa yake. Kitenzi kinakuwa cha kuamuru, "kata", si "nimekata". Komiti inayorekebisha kosa la komiti nyingine huwekewa mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha ile iliyoleta kosa. Faida yake ni kubwa: anayetunza toleo la zamani anajua papo hapo kama dawa hiyo inamhusu.

Lugha: andikeni ile ambayo timu nzima inafikiria kwayo. Kiswahili kilichoeleza sababu kinaishinda "update" ya Kiingereza mara zote. CHANGELOG ifuate lugha ya mteja.

Mtunza_Daftari
Asanteni sana wakuu. Nitaweka kiolezo kwa `commit.template` ili kila mtu akifungua aone nafasi ya kuandika sababu. Swali la mwisho: zile komiti za zamani tuziandike upya?

Dada_Seva
Usiziguse, mkuu. Kitambulisho cha komiti hukokotolewa pamoja na ujumbe wake. Ukibadilisha ujumbe mmoja wa nyuma, komiti hiyo na zote zilizofuata zinapata vitambulisho vipya, na nakala za wenzako hazitalingana na yako. Kwa ile ya riba tumia `git notes add`: maelezo yanaonekana kwenye `git log` bila komiti kubadilika. Ila hayaendi kwenye seva yenyewe, lazima uyatume: `git push origin refs/notes/commits`. Na wenzako nao wayavute: `git fetch origin refs/notes/commits:refs/notes/commits`.