Pole si fidia: boti ya matembezi ikipinduka, polisi kwanza au wazee kwanza?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, najua humu kuna wenye boti, kuna manahodha, na kuna waliowahi kuzika kwa ajili ya bahari. Kila mmoja aseme lake.

Siku ya pili ya Idd el-Haji tulikuwa watu 14 kwenye boti ya faiba, tunatoka Shangani kwenda upande wa Msanga Mkuu kuogelea na kula pweza. Boti yenyewe ya uvuvi, nyavu bado zimekunjwa kule omo. Laifu jaketi nilihesabu nne, mbili hazina kamba za kufungia. Nahodha kijana mpole, hakuwa amelewa. Tulipotoka penye kivuli cha upepo, kusi ikatupokea. Mmoja wetu akasimama apige picha, watano wakahamia upande ule ule ili nao waonekane, wimbi likaja la ubavuni, tukapinduka. Hatukuzika, alhamdulillahi. Wifi yangu alivunjika mkono, mtoto wa jirani wa miaka 16 alikunywa maji akalazwa siku mbili, mimi petroli iliyomwagika majini ilinibabua mgongo.

Jioni ile ile, nguo bado zinachuruzika kwenye kamba, mwenye boti akapiga hodi. Alikuja na mzee wa mtaa wetu tunayemheshimu sana, bahasha ya laki mbili, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: tumepokea pole, hatuna madai yoyote. Kaka yangu akasaini. Mama wa yule mtoto akasaini. Mimi sikusaini, na tangu siku hiyo naitwa mwanamke wa kesi.

Sasa hoja yangu. Sisemi wazee wasikae. Nasema wakae baadaye, taarifa iwe imeshaandikwa. Gari likigonga barabara ya Masasi, alama za breki unazikuta hata kesho yake. Baharini kitu gani kinabaki? Boti inavutwa nchi kavu, palipopasuka panazibwa kwa faiba kabla ya Ijumaa, nahodha anavuka kuvua Msumbiji, abiria kila mtu karudi kwao. Ukija kushtuka baada ya miezi mitatu kwamba mkono haujaunga sawasawa, unabaki na bahasha tupu. Pole ni ya kuomba radhi. Fidia ni ya mkono. Mbona tunavichanganya?

Nahodha wa Mikindani

Dada, pole na wifi yako. Lakini sema yote. Mlipoambiwa mkae chini mlikaa? Boti ni kama kitanda cha kamba, mkijazana upande mmoja mnabinuka wote. Mimi nikipaza sauti naambiwa mshamba. Nikitoa laifu jaketi wasichana wanasema inaharibu nguo ya sikukuu na ina harufu ya dagaa. Harufu kweli ipo, sikatai. Msimu wa korosho ndio usiseme, watu wana hela, wanapanda na chupa mkononi, na anayelipa ndiye anataka kushika usukani.

Polisi mnapakimbilia, mnajua boti ikishikiliwa kama kielelezo inakaa juani muda gani? Mashine ya kukopa, riba inatembea, watu sita wanakula kwenye chombo hicho kimoja. Wazee wakikaa, wiki haiishi mgonjwa ameshalipiwa dawa. Kesi yako itaisha lini?

Na kwa faida ya wote: chombo kikipinduka, shikilieni chombo. Mara nyingi faiba iliyopinduka huendelea kuelea. Msijitie kuogelea, nchi kavu ukiwa majini huonekana karibu na haiko karibu. Mashine izimwe kabla mtu hajasogea nyuma, propela haina macho.

Mkazi wa Ligula

Nahodha, swali moja. Chombo chako kimekaguliwa na TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, kubeba abiria, au kina leseni ya uvuvi tu?

Nahodha wa Mikindani

Ya uvuvi. Na wewe, mara ya mwisho ulipopanda uliuliza?

Mkazi wa Ligula

Sikuuliza. Umenipata.

Mama Kitunda, Lindi

Mwanangu mleta mada, mimi nakuelewa kuliko unavyodhani. Sisi huku kuvuka ndiyo maisha, Lindi mjini unaiona ng'ambo lakini lazima upite maji. Mtoto wa marehemu dada yangu alifia kwenye boti ya vijana waliokwenda kutembea. Tuliletwa ubani wa laki tano, tukasoma hitima, wazee wakakaa mkekani, mwenye chombo akaahidi kusomesha watoto wawili mpaka wamalize. Alilipa mihula miwili. Nilipoenda kumkumbusha, akaniuliza nani shahidi. Wazee wawili wa mkeka ule wameshatangulia mbele ya haki, wa tatu anasahau hata jina langu.

Polisi hatukwenda, na nitakwambia kwa nini. Tuliogopa maiti kupasuliwa na maziko kuchelewa. Sisi tunazika siku ile ile. Mtu akikuambia ukitoa taarifa kijana wako atalala chumba cha baridi mpaka daktari apatikane, utasaini karatasi yoyote. Wanaosema watu wa pwani hawajui haki zao wanasahau jambo hilo.

Msaidizi wa kisheria, Masasi

Nimesoma yote. Nianze na ile karatasi, maana inatisha watu bure.

Mkataba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, unahitaji ridhaa ya hiari. Mtu aliyesainishwa saa chache baada ya kutoka majini, hajui mkono umevunjika vipi, hakusomewa, ana hoja ya kuupinga. Sisemi atashinda, nasema ana hoja. Yule wa miaka 16 mwenyewe hana uwezo wa kufunga mkataba kabisa, aliyesaini ni mama yake. Na kifungu cha 23 kinafanya batili makubaliano yaliyo kinyume na sheria au maslahi ya umma, kwa hiyo hata zile fomu za "napanda kwa hatari yangu mwenyewe" ambazo baadhi ya watembeza watalii wanazo, msidhani ni ngao dhidi ya kila uzembe.

Pili, jinai na madai ni vitu viwili. Kubeba watu majini kwa malipo kwenye chombo kibovu au kilichojazwa kupita kiasi ni kosa ndani ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kesi hiyo ni ya Jamhuri, haifutwi na bahasha ya mtu na jirani yake. Fidia ndiyo yenu, na hiyo mnaweza kuelewana. Hata ukiifungua mahakama ya wilaya, kesi ya madai hupelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Kwa hiyo huu ugomvi wa wazee au mahakama kwa sehemu ni wa majina. Tofauti ni kwamba ule wa mahakamani unabaki kwenye maandishi, na asiyetimiza anakaziwa hukumu.

Tatu, watu humkimbilia nahodha ambaye hana hata baiskeli. Mwenye boti anawajibika kwa uzembe wa nahodha aliyemtuma kazini. Nahodha wa Mikindani, hoja yako ya abiria kusimama nayo ina uzito: mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kadiri mdai alivyojiponza. Kupunguza, siyo kufuta. Na aliyepakia watu 14 kwa jaketi nne bado ana maswali ya kujibu.

Mama Kitunda, mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, Sura ya 310, sheria inayohusu ajali za vifo, inawapa mke au mume, watoto na wazazi haki ya kudai. Ila muda unakwenda. Madai ya madhara kwa kawaida hukoma baada ya miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na mambo ya majini yana sheria zake zinazoweza kukubana mapema zaidi. Usikae ukingoja mwaka wa tatu.

La maiti na maziko sina jibu jepesi. Ninachowaambia ndugu ni hiki: semeni na polisi na daktari wazi kwamba mnataka kuzika leo, waombeni wafanye haraka. Ukikimbia, umekimbia na ushahidi.

Gharama: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma hii bure kwa asiye na uwezo. Mimi siwezi kusimama mahakamani kwa niaba yako, hilo ni la wakili. Naweza kukuandalia nyaraka, kukuelekeza pa kwenda, na kukuambia kama kesi yako ni ya kulala njaa kwa ajili yake au la.

Muuguzi, Lindi

Jambo moja la hospitali. Ndugu wanamleta mtu wanasema "ameteleza bafuni", wanakwepa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Baada ya mwezi wanarudi wanataka barua kwamba ilikuwa ajali ya boti. Nitaandika nini, na faili linasema bafu? Semeni ukweli dakika ya kwanza. Anayetoka damu sisi tunamshughulikia, fomu ndugu mmoja anaifuata polisi.

Na tafadhali, aliyezama msimning'inize kichwa chini, msimkanyage tumbo eti maji yatoke. Kinachomuua ni kukosa hewa, na ukimbana tumbo matapishi yanaingia mapafuni. Kama hapumui, mpulizie mdomoni mara 5, kisha bonyeza kifua mara 30, pumzi 2, tena na tena bila kuchoka mpaka apumue au msaada ufike. Hata aliyezinduka anacheka, mleteni. Mapafu yanaweza kumgeuka baada ya saa kadhaa. Petroli mwilini: vua nguo, osha kwa maji safi mengi. Dada mleta mada, mgongo wako uliangaliwa?

Kijana wa Kilwa Masoko

Mimi nabeba watu kwenda Kilwa Kisiwani kuangalia magofu. Mgeni wa nje akipanda anavishwa jaketi mpaka shingoni. Mswahili mwenzangu akipanda anaambiwa shika ubao. Hiyo ndiyo mada, mengine yote ni maelezo.

Mdau, Newala

Mkianza kesi kesi, boti zote zitaacha kubeba watu na sikukuu mtakaa ndani mkiangalia televisheni. Nauli ya elfu mbili haiwezi kununua usalama wa meli.

Mleta mada

Muuguzi, uliangaliwa, ahsante. Walinipa dawa ya kupaka, ngozi inarudi.

Mdau wa Newala, elfu mbili mara 14 ni elfu ishirini na nane kwa kwenda tu, na siku ile boti ilikwenda na kurudi kutwa nzima. Jaketi hazikukosekana kwa sababu ya nauli.

Nahodha, umenichoma na naikubali. Hatukukaa chini. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanapotoa angalizo kwa pwani yetu huwa wanataja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Asubuhi ile hakuna kati yetu 14 aliyefungua hata simu kuangalia, tulikuwa tunapanga nyimbo. Lakini boti yako kushikiliwa juani ni ugomvi wako na wanaoshikilia, usinitupie mimi niliyevunjiwa wifi. Daini muda wa ukaguzi uwe mfupi, wapige picha, wapime, waachie. Hapo nitasimama na nyie.

Nilichofanya ni hiki, kwa anayetaka kujua. Kesho yake asubuhi nilikwenda kituoni nikaandikisha, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu. Nikapiga picha boti kabla haijazibwa, namba yake ubavuni, na zile jaketi zisizo na kamba. Niliandika majina na simu za wote 14 kabla hawajatawanyika, wawili walikuwa wageni wa Nachingwea. Ujumbe wa simu wa kulipa nauli sikuufuta, maana ndio unaoonyesha nani alipokea hela na saa ngapi. Stakabadhi za hospitali ziko kwenye bahasha ile ile ya laki mbili, hela yenyewe nimeirudisha kwa mzee mbele ya mashahidi. Taarifa ya TASAC nimeiandika kwa barua, nakala imegongwa muhuri.

Mzee alikasirika siku tatu. Ya nne alinipigia simu mwenyewe, akasema hakuambiwa kwamba mkono umevunjika, aliambiwa umeteguka.

Jumamosi tunakaa kwake, mwenye boti atakuwepo, na msaidizi wa kisheria wa kata ataandika. Madai ya kaka yangu ni matibabu, nauli za kwenda kliniki, na miezi ambayo wifi hakukaanga mihogo yake pale stendi. Nahodha wa Mikindani, ukiwa na nafasi njoo, tunahitaji mtu anayejua bahari azungumze kuhusu idadi ya watu na upepo wa siku ile, hata kama atasema yanayotuumiza.

Na waliowahi kusaini karatasi za aina ile, naomba mnijibu: nakala yake mliachiwa, au mwenye boti aliondoka nayo mfukoni?

Mama Kitunda, Lindi

Aliondoka nayo.