Mrejesho: bolti za toki konveta, Mtwara

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Ni mimi niliyewauliza kuhusu bolti 6 za toki konveta (chombo chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) zilizopotea giaboksi ya otomatiki iliposhushwa, fundi akataka kufunga ndefu za dukani.

Mlioniambia nipime kina cha tundu, Mungu awabariki. Nilitumia chelewa ya ufagio: iliingia milimita 10 tu. Bolti ya fundi, ukitoa unene wa fleksipleti (bati la duara la injini linalofungwa konveta), ingeingia 14! Ingesukuma bati la mbele la konveta na kuharibu klachi ya ndani. Nimepata fupi za saizi yake, zenye alama ya uimara 10.9 kichwani.

Konveta tuliizungusha huku tukiisukuma mpaka ikazama kabisa ndani ya giaboksi. Giaboksi ilipokaa, ikabaki nafasi ya milimita 3 hivi kati ya konveta na fleksipleti, tukaivuta konveta mbele kwa mkono. Bolti zote tulizianza kwa vidole, zikiwa na gundi ya nyuzi ya kuzuia zisilegee, ndipo spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ikafuata.

Nimeenda Mikindani na kurudi, gia zinaingia laini. Ila sili ya mbele ya giaboksi (mpira unaozuia oili pale konveta inapoingia) inadondosha oili. Mmoja wenu alinisihi niibadilishe kabla ya kufunga, sikumsikiliza. Giaboksi inashuka tena Jumamosi. Asanteni sana.