Bibi harusi wa watu kauzwa NUSU KILO kwenye aplikesheni yangu! Huyu fundi mnamjua

Mtoto wa Lenzi (mleta uzi):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, sijalala. Wasimamizi msiuhamishe huu uzi, uacheni hapahapa watu wasome.

Huyu fundi wa aplikesheni jina simtaji. Wana Arusha mnamjua. Yule yule mwenye maneno matamu, kadi za biashara mfuko mzima, ukimpigia yuko "kikaoni". Kila mwenye duka kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kilombero ameshachorewa michoro na huyu mtu kwenye karatasi.

Mimi nina studio ndogo Sanawari. Pasipoti, mahafali, kipaimara, sendofu, harusi. Wateja wote siku hizi wanataka picha kwenye simu, na ukizituma kienyeji zinabanwa mpaka uso wa mtu unakuwa kama ukuta uliopigwa chokaa. Nikataka aplikesheni: mteja afungue, aone picha zake safi, achague za albamu, alipe kwa simu, basi. Tukapatana laki nane, nikatoa tano taslimu. Halafu akaanza. Dola 25 za Play Store, nikatoa. Mwezi uliofuata dola 25 tena. Wa tatu, tena! Akadai na dola 99 za upande wa iPhone. Nikauza lenzi yangu ya milimita 50, ile niliyoanzia kazi, nikalipa.

Jana sendofu, ukumbi wa Njiro. Familia ya heshima, wengine wametoka Marangu na Machame basi zima. Nikamwomba MC dakika mbili tu. Projekta ikawashwa, ukuta wote mweupe. Nikafungua.

Picha ya kwanza binti mwenyewe, gauni la bluu, nilimpiga asubuhi ile kwa mwanga wa dirishani, hata taa sikuwasha. Chini yake herufi nyeusi kubwa: NUSU KILO. Chini ya hapo kitufe chekundu: ONGEZA KWENYE ODA. Na kaswali kadogo: "Ndizi au ugali?"

Nusu kilo wakuu! Mtoto wa watu! Kumbe kachukua aplikesheni ya nyama choma aliyomtengenezea mtu mwingine, kabadilisha rangi, kapachika picha zangu, maneno kayaacha. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia jenereta nje. Mama mzaa chema akainuka taratibu, kitenge begani, akaniangalia: "Baba, mwanangu ndiyo nusu kilo?" Sikuwa na jibu. Nikapapasa kioo nitafute pa kutokea, ikaja picha ya bibi yake mzaa mama, naye yupo kiti cha mbele kabisa: SUPU YA BURE.

Nimempigia fundi saa sita usiku. Mnajua kanijibu nini? "Hayo ni maneno tu bosi, yanabadilishwa. Wewe shika kamera, mitambo tuachie wenyewe." Maneno tu! Mwaka wa 11 huu napiga picha, hakuna mzazi aliyewahi kuinuka kwenye kiti kwa ajili yangu. Angeuona uso wa yule mama asingesema maneno tu. Nusu kilo!

Chalii wa Ngarenaro:
Arifu pole sana. Ila hiyo nusu kilo ilikuwa shilingi ngapi?

Mangi Mtulivu:
Huyo huyo! Kaka yangu ana duka la vipuri, alimtengenezea ya kwake. Ukitafuta plagi ya pikipiki inakuuliza mtalala watu wangapi na kama mnataka kitanda kimoja au viwili.

Bit Moja:
Mkuu umepigwa mchana kweupe. Dola 25 za Play Store hulipwa mara moja tu unapofungua akaunti, hakuna cha kila mwezi. 99 ni ya Apple na ni kwa mwaka. Faili alikutumia WhatsApp? Kama ni APK, yaani faili la programu za Android, hiyo kwenye iPhone haifunguki kabisa, na Play Store tangu Agosti 2021 programu mpya inataka AAB, faili la aina nyingine. Tena akaunti mpya ya mtu binafsi lazima watu 12 waijaribu siku 14 mfululizo kwanza. Alikuomba watu 12? Na akaunti ina jina la nani, lako au lake?

Mtoto wa Lenzi:
Alinitumia WhatsApp, simu ikaniuliza kama nakiamini chanzo chake, akasema bonyeza ndiyo. Akaunti sijawahi kuiona. Lakini mkuu hujanielewa. Yule mama ALISIMAMA.

Mama Wawili Tengeru:
Mwanangu pole, ila mpishi huonja chumvi kabla ya wageni. Hukuifungua nyumbani?

Mtoto wa Lenzi:
Mama yangu, niliifungua Alhamisi! Ilikuwa na picha za Mlima Meru, chini patupu. Akasema maelezo ataingiza usiku. Ndiyo akaingiza hayo.

Bibi Harusi wa Juni:
Samahani, nyie wapiga picha mngenyamaza tu. Nimefunga ndoa Moshi mwaka jana mwezi wa sita, albamu sijaiona, mtoto anatambaa. Kila nikipiga "bado nazisafisha dada". Anazisafisha kwa gunzi? Simtaji, mnamjua, yule wa droni.

Chalii wa Ngarenaro:
Wa droni namjua! Iliangukia keki, akamwambia MC wapige makofi.

Mangi Mtulivu:
Afadhali keki. Sisi kamati tulimpa fundi cherehani vitambaa vya sare za watu 30, akaleta 22. Akasema vingine vimeruka na upepo.

Mtoto wa Lenzi:
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Leo saa kumi nimeitwa kikao na wazee wa ile familia. Niende na nini?

Chalii wa Ngarenaro:
Nenda na kilo nzima.

Bit Moja:
Nenda na picha zao zote kwenye flashi, usiwadai salio. Na kabla ya kwenda badilisha neno la siri la simu yako, ulishabonyeza ndiyo.

Bibi Harusi wa Juni:
@Mangi Mtulivu huyo fundi wa sare ni wa karibu na Soko Kuu? Mkasi wake umefungwa kamba nyekundu?

Mangi Mtulivu:
Huyo huyo.

Bibi Harusi wa Juni:
ANA KITENGE CHANGU TANGU PASAKA!!

Mama Wawili Tengeru:
Na vyangu viwili, vya wax. Dada mfungulie uzi wake, nakuja na picha.